Naombeni ushauri: Browns wana nafasi mbili raundi ya kwanza, nizimalize zote kwenye laini?

Mkazi_wa_Columbus:

Habari za jioni wakuu.

Kila mwaka kabla ya drafti ya NFL, yaani siku timu za ligi zinapochagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni, sisi Waswahili wa hapa Columbus tunaofuatilia futiboli ya Marekani huwa tunafanya drafti yetu ya kuigiza. Kila mtu anakabidhiwa timu anakuwa meneja wake, ruksa kubadilishana nafasi na wenzako, halafu unasimama mbele ya watu kutetea ulichochagua. Mwaka huu wa 2026 nimekabidhiwa Cleveland Browns, timu ninayoipenda kwa moyo wote, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Hali ilivyo: msimu umeisha 5-12, yaani tumeshinda 5 tukafungwa 12. Upande wa kuzuia hauna shida kubwa, Myles Garrett ameweka rekodi ya NFL kwa kuangusha makwotabeki, wale warusha mpira, mara 23 ndani ya msimu mmoja. Shida ni laini ya kushambulia, wale watano wanaosimama mbele ya kwotabeki: senta katikati, gadi kila upande wake, na tekoli pembeni. Joel Bitonio, Wyatt Teller, Ethan Pocic na Jack Conklin, wote wanne mikataba yao inaisha Machi hii. Hapo hatuzungumzii kuziba pengo, tunazungumzia kujenga upya.

Kilichotufikisha hapa wengi mnakijua. Mwaka 2022 Cleveland ilimchukua kwotabeki Deshaun Watson kwa kuwapa Houston nafasi za raundi ya kwanza za miaka mitatu, 2022, 2023 na 2024, na yeye akahakikishiwa dola milioni 230. Miaka yote hiyo vijana bora wa vyuoni wakawa wanakwenda kwa wengine, huku laini yetu ikizidi kuzeeka.

Sasa nina nafasi ya 6, na ya 24 tuliyoipata kwa Jacksonville walipobadilishana nasi nafasi mwaka jana ili wamchukue Travis Hunter. Hapa mjini kila ninayemuuliza ananiambia nimchukue Carnell Tate, mpokeaji wa Ohio State. Ni kijana wa nyumbani na wapokeaji kweli hatuna. Mimi nafsi inanituma kwa tekoli, Francis Mauigoa wa Miami au Spencer Fano wa Utah, halafu 24 nayo iende kwenye laini.

Je, niko sawa? Au nasukumwa na hasira za kuona kwotabeki wetu anaokotwa chini kila Jumapili? Naombeni mawazo.

Mzee_wa_Arlington:

Mkuu, uko sawa, simama hapohapo. Mimi niko Dallas na hili nimeliona kwa macho yangu. Cowboys walimaliza 8-8 mwaka 2011, 8-8 mwaka 2012, na 8-8 tena mwaka 2013. Katikati ya unyonge huo walikuwa wanajenga taratibu: Tyron Smith nafasi ya 9 mwaka 2011, Travis Frederick nafasi ya 31 mwaka 2013, Zack Martin nafasi ya 16 mwaka 2014. Frederick alipochaguliwa watu walisema amechukuliwa mapema mno, senta gani wa raundi ya kwanza. Msimu wa 2014 timu ikamaliza 12-4, DeMarco Murray akakimbia yadi 1,845 akaongoza ligi nzima.

Na huyo Martin alichukuliwa wakati kwotabeki Johnny Manziel bado yupo mezani na nusu ya Texas inamlilia. Manziel akateremka mpaka nafasi ya 22, na waliomchukua ni Cleveland yako. Raundi ya pili ya drafti ileile, nafasi ya 35, Cleveland wakamchukua Bitonio. Manziel aliachwa baada ya misimu miwili. Bitonio unamzungumzia leo, 2026, ndiyo kwanza mkataba wake unaisha. Hao wanaotaka jina kubwa wakumbushe hilo.

Binti_Cincinnati:

Kaka Mkazi, naomba nipinge kidogo, maana sisi wa kusini mwa Ohio tulipita njia hiyo.

Mwaka 2021 Bengals wetu walikuwa na nafasi ya 5. Kwotabeki Joe Burrow ndiyo kwanza ameumia goti vibaya msimu wake wa kwanza, na tekoli Penei Sewell yupo. Walimwacha, wakamchukua mpokeaji Ja'Marr Chase, Sewell akaenda Detroit nafasi ya 7. Watu walikasirika kwelikweli. Msimu huohuo Chase akawa mchezaji mpya bora wa upande wa kushambulia, timu ikafika Super Bowl, fainali ya ligi. Mpokeaji anayejua kujiachia mapema anamsaidia kwotabeki kuutoa mpira haraka, na mpira uliokwishatoka hauna wa kuangushwa. Kwa hiyo Tate si wazo la kishabiki tu.

Mzee_wa_Arlington:

Dada Binti, malizia hadithi basi. Burrow aliangushwa mara 51 msimu ule, kuliko kwotabeki yeyote kwenye ligi. Kwenye mtoano kule Tennessee mara 9. Kwenye Super Bowl yenyewe mara 7, wakafungwa na Rams 23-20, na shambulizi la mwisho likafia mikononi mwa Aaron Donald wa Rams akiwa amemshika Burrow kabla hajageuka vizuri.

Binti_Cincinnati:

Nakubali, mzee wangu. Lakini tulifika. Detroit aliyemchukua Sewell alimaliza 3-13-1, sare moja, mwaka uleule. Ninachosema ni kwamba tekoli ni uwekezaji wa miaka, na Mkazi ajue hivyo kabla hajasimama kutetea.

Gadi_wa_Kushoto:

Nimecheza laini shule ya sekondari hapa Marekani, nafasi ya gadi, naomba niongelee kitu ambacho kwenye takwimu hakionekani.

Adui akitaka kumfikia kwotabeki mara nyingi hapigi moja kwa moja, anavuka. Yule wa pembeni anajitupa kwa ndani, anamgonga gadi kwenye bega, na yule wa ndani anazunguka nyuma yake kutokea nje. Kama tekoli atamfuata mtu wake kwenda ndani, wote wawili, gadi na tekoli, watajikuta wamemshika mtu mmoja na mwingine anapita huru. Dawa yake ni kukabidhiana: tekoli anamsukuma mtu wake mikononi mwa gadi, anabaki palepale nje, macho yake yameshahamia kwa anayekuja. Hakuna nafasi ya kuitana. Unamsikia mwenzako kwa bega na nyonga, basi. Hilo linapatikana kwa kucheza pamoja wiki baada ya wiki.

Sasa Mkazi, ukiweka vijana watatu wapya kwa mkupuo mmoja, hata wawe na vipaji namna gani, Septemba yote watakuwa wanapishana. Na muda wa kufundishana ni mdogo: tangu mkataba wa wachezaji wa 2011, mazoezi ya vifaa kamili ndani ya msimu ni 14 tu. Vijana wa sasa wanajifunzia kwenye mechi.

Ushauri wangu: kati ya hao wanne wanaomaliza mikataba, jitahidi umrudishe mmoja. Kama Bitonio bado ana hamu ya kucheza, ni yeye. Kijana wako mpya akae pembeni ya mtu aliyekwisha kuona kila hila. Wengine nunua sokoni Machi, au badilishana na timu nyingine. Chicago mwaka jana walifanya hivyo, baada ya kwotabeki wao Caleb Williams kuangushwa mara 68 mwaka 2024. Walimleta Joe Thuney kutoka Kansas City, Jonah Jackson kutoka Rams na Drew Dalman kutoka Atlanta, watu wazima watatu wa katikati kwa mara moja. Msimu uliofuata kuangushwa kulipungua kwa zaidi ya nusu.

Shabiki_wa_73:

Mimi ni Browns damu. Nataka kusema jambo moja linalonikaa rohoni.

Tulishawahi kuwa na tekoli bora wa zama zake. Joe Thomas, nafasi ya 3 mwaka 2007. Alicheza snapu (kila mara mpira unapoanzishwa) 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja, mpaka msuli wa mkono ulipokatika mwaka 2017. Yuko kwenye Ukumbi wa Heshima tangu 2023. Na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano. Mwaka alioumia tulimaliza 0-16.

Kwa hiyo anayekwambia chukua Mauigoa shida zimeisha, usimsikilize. Tekoli mmoja anafunga mlango mmoja. Laini ina watano, na adui atamtafuta aliye dhaifu kuliko wote. Mimi bado nasema chukua tekoli nafasi ya 6, lakini usiishie hapo. Raundi ya pili na ya tatu ndiko laini zinakojengwa hasa.

Msomaji_wa_Drafti:

Naongezea tahadhari kwa anayechukua tekoli juu kabisa.

Mwaka 2020 tekoli wanne walichukuliwa karibu-karibu: Andrew Thomas nafasi ya 4, Jedrick Wills nafasi ya 10, Mekhi Becton ya 11, Tristan Wirfs ya 13. Aliyekuja kuwa bora ni Wirfs, wa mwisho kati yao. Wills alichukuliwa na nyinyi Cleveland, na kisa chake kinakuhusu wewe Mkazi moja kwa moja. Chuoni Alabama alicheza kulia. Browns wakamhamishia kushoto, na hakuwahi kuwa yule waliyemtarajia. Kuhama upande si kitu kidogo: mguu wa kurudi nyuma unabadilika, mkono wa kutangulia unabadilika, kila ulichokizoea mwili unakifanya kinyume.

Mauigoa amecheza kulia Miami. Fano naye Utah amemalizia kulia. Na pengo lako kubwa liko kushoto. Simkatazi mtu, Wirfs mwenyewe alihamia kushoto mwaka 2023 akafanikiwa, na Sewell alitoka kushoto chuoni akaenda kulia akawa moto. Ila usimwandike kushoto kwa sababu tu ndiko kwenye nafasi. Mwache kulia alikozoea, tafuta mtu mzima wa kushoto kwa mwaka mmoja au miwili. Wenzako wakikuuliza "nani atalinda kushoto?", uwe na jibu mkononi.

Jambo la pili ni kocha. Bill Callahan alifundisha laini ya Cleveland kuanzia 2020 hadi 2023, akaondoka kwenda Tennessee, na kila aliyeitazama timu ile aliona kitu kimepungua. Upande wa pili tazama kocha Jeff Stoutland alivyofanya kazi Philadelphia: Jordan Mailata alichukuliwa raundi ya 7 mwaka 2018, nafasi ya 233, kijana wa ragbi kutoka Australia ambaye futiboli hii hakuwa ameicheza kabisa. Alianza mechi yake ya kwanza mwaka 2020. Kama kocha hana uwezo wa kufundisha namna hiyo, lipa gharama ya kuchagua mapema. Kama anao, unaweza kusubiri.

Mama_Indy:

Msinisahau mimi wa Indianapolis. Nawaombeni jambo moja, msichelewe.

Kwotabeki wetu Andrew Luck aliangushwa mara 41 mwaka 2016, mwaka 2017 bega halikumruhusu kucheza kabisa. Ndipo Colts wakaamka. Mwaka 2018 Quenton Nelson nafasi ya 6, ileile yako Mkazi, na Braden Smith nafasi ya 37. Wawili hao kwa mpigo. Luck akaangushwa mara 18 tu msimu mzima, timu ikaanza 1-5 ikamaliza 10-6. Tulifurahi, tukasema sasa tumefika. Agosti 2019 akastaafu, ana miaka 29. Mwili ulikuwa umeshachoka na maumivu ya miaka ya nyuma. Laini ilikuwa nzuri, lakini mwenyewe hakuwepo tena.

Mimi kila nikisikia timu inasema "laini tutaitengeneza mwakani" nasikia uchungu. Chukua tekoli, mwanangu.

Mkazi_wa_Columbus:

Asanteni sana wakuu, na Mama shikamoo, hilo la Luck limenigusa.

Niliyoamua mpaka sasa: nafasi ya 6 ni Mauigoa, na abaki kulia. Bitonio nitajitahidi arudi. Kushoto nitatafuta mtu wa sokoni. Nafasi ya 24 nitaitangaza kwa wenzangu, yeyote anayehangaika na kwotabeki aje tuongee, nishuke raundi ya pili nipate na nyongeza ya raundi ya tatu. Kama Tate ameteremka hadi hapo, sawa, lakini sidhani.

Kilichobaki ni senta. Pocic alichanika kano ya kisigino Desemba, simtegemei. Je, senta wa kuanza kazi mara moja anapatikana raundi ya pili?

Gadi_wa_Kushoto:

Anapatikana, na mfano wake ni mzuri kuliko yote tuliyotaja humu.

Februari 2021 Kansas City walifungwa na Tampa Bay 31-9 kwenye Super Bowl, kwotabeki wao Patrick Mahomes anakimbizwa usiku kucha kwa sababu tekoli wake wote wawili walikuwa majeruhi. Hawakungoja. Machi wakawaacha hao tekoli wote wawili, wakamsajili Thuney sokoni. Aprili wakabadilishana na Baltimore kumpata Orlando Brown, na kwenye drafti wakamchukua senta Creed Humphrey nafasi ya 63 na gadi Trey Smith raundi ya 6, nafasi ya 226. Watano wapya kabisa mwaka mmoja, na Humphrey alianza kila mechi ya msimu ule tangu siku ya kwanza. Wakachukua ubingwa misimu ya 2022 na 2023.

Angalia walivyogawanya: kushoto kote, tekoli na gadi, waliweka watu waliokwisha kuiva, vijana wakaanzia katikati na kulia. Ukiweza kumrudisha Bitonio na kununua tekoli wa kushoto, wewe utakuwa na mpango uleule. Senta mtafute kati ya 35 na 65, na ukiwatazama kwenye video tazama kwanza anavyonyoosha kidole kabla ya snapu, kama anamwonyesha kila mwenzake mtu wake au anasubiri kwotabeki amsemee.