Mteja hana malengo: apewe ufunguo, au asubiri?

Mtoto_wa_Pangani:
Wanajamvi mlioko kwenye huduma za wasio na makazi huku Marekani, tulijadili hili bila ushabiki. Tangu agizo la rais la Julai 2025 lilipozitaka wizara ziache kuunga mkono Nyumba Kwanza (Housing First: mtu apewe nyumba kwanza, bila sharti la matibabu au kuacha ulevi), wapo mabosi wanaotaka mteja aandike malengo (matibabu, kazi, kuacha pombe) kabla hajaonyeshwa chumba. Mimi napinga. Lengo liwepo, ila liwe lake, na lisiwe sharti la ufunguo. Mafaili yamejaa "mteja ataimarisha utulivu wa makazi". Hiyo ni kaulimbiu ya semina. Lengo ni: "Kabla ya tarehe 30 nipate cheti changu cha kuzaliwa." Chini yake hatua: nani anajaza fomu, nani analipa ada, cheti kikitumwa kitafikia anwani ya nani. Wengi hukwama hapo kwenye anwani, halafu faili linasema "mteja haonyeshi ushirikiano". Na tuache hii tabia ya kunakili maelezo ya mwezi uliopita na kubadilisha tarehe.

Mzee_Kobe:
Hiyo sentensi ya mwisho umemrushia nani? Mtu ana wateja 30. Ziara ya dakika 40, kisha maelezo ya ziara, kisha kujaza HMIS (mfumo wa kompyuta wa taarifa za wasio na makazi), kisha barua pepe ya kumtuliza mwenye nyumba. Hali ya mteja ni ileile ya mwezi jana, niandike hekaya?

Kipanga:
Mkuu Kobe, hali ileile si lazima iwe maneno yaleyale. Mkaguzi anapanga maelezo kwa tarehe na kutafuta sentensi iliyojirudia. Akikuta "alionekana nadhifu, chumba safi" tarehe 14, na karatasi ya hospitali ndani ya faili hilohilo inasema alilazwa tarehe 11 hadi 19, huna pa kutokea. Ataacha kuamini hata maelezo ya kweli. Kama hakuna jipya, mistari mitatu yatosha: nimemkuta au sikumkuta, amesema nini, nani atafanya nini kabla ya lini.

DadaZu:
Mnagombania maelezo ya mwezi, wakati watu wanakosa nyumba mlangoni kabisa kwa sababu ya karatasi. Ili mtu ahesabiwe asiye na makazi wa muda mrefu, awe na ulemavu, na awe amekosa makazi miezi 12 mfululizo au mara nne ndani ya miaka miwili...

Kipanga:
Mitatu, dada. Mara nne ndani ya miaka mitatu, jumla ifike miezi 12, na kila mapumziko katikati (yaani kipindi alichokuwa na pa kukaa) yawe angalau usiku saba mfululizo.

DadaZu:
Haya, mitatu. Hoja yangu iko palepale. Ushahidi una ngazi: kwanza rekodi au barua ya mtu wa tatu, pili alichokiona mfanyakazi mwenyewe, mwisho maelezo ya mteja na sahihi yake. Ukifika hiyo ya mwisho, lazima uandike ulivyohangaika kutafuta nyingine: ulimpigia nani, lini, alijibu nini. Hapo ndipo mafaili yanapoanguka. Na wengi hawajui kuwa akionekana siku moja tu, mwezi mzima unahesabiwa, isipokuwa kama kuna ushahidi wa mapumziko. Mfanyakazi wa mtaani aliyemkuta chini ya daraja tarehe 3 Machi amekupa Machi yote.

Mzee_Kobe:
Kipanga, wewe ni mwenzetu au mkaguzi? Huyo wa tarehe 14 umemtunga au unamjua?

Kipanga:
Ni mfano tu. Umejishtukia mwenyewe.

Ngoja_Nione:
Mada mmeikimbia. Mtu akae kwenye nyumba inayolipiwa na walipa kodi mwaka wa tatu, hana lengo hata moja, na nyie mnahesabu Machi! Wale wa msaada wa muda wa kurudi haraka kwenye nyumba kanuni inawataka wakutane na mhudumu wao walau mara moja kwa mwezi. Mbona huko hakuna aliyelia?

Mtoto_wa_Pangani:
Kukutana si kutimiza lengo. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis alipoanzisha Pathways to Housing, shirika lililoanza huu mtindo wa Nyumba Kwanza, pale New York mwaka 1992, ziara zilikuwepo, na mpangaji alichangia asilimia 30 ya kipato chake. Kilichoondolewa ni sharti la kuacha ulevi na kukubali matibabu kwanza.

DadaZu:
Tena lengo la kulazimishwa lina madhara. Umeandika "ataacha pombe", ameshindwa, sentensi inabaki. Rekodi za ruzuku ya HUD (wizara ya nyumba ya Marekani) zinatunzwa miaka mitano baada ya fedha kutumika, na mteja ana haki ya kusoma taarifa zake za HMIS na kupewa nakala. "Alikuwa amelewa" ni hukumu. "Alinuka pombe, hakuweza kutia sahihi, tumeahirisha hadi Jumanne" ni kumbukumbu.

Mzee_Kobe:
Sasa hadi harufu iandikwe? Mwenye nyumba akiipata hiyo karatasi je?

Kipanga:
Ndiyo maana haikai kwenye faili la mwenye nyumba. Na makao ya wanaokimbia vipigo vya majumbani sheria inayakataza kuingiza taarifa za wateja HMIS kabisa, yana mfumo wake wa pembeni. Bunge lilijua karatasi inaweza kumfikisha mume mlangoni.

Ngoja_Nione:
Swali la kwanza bado halijajibiwa.

Mzee_Kobe:
Hilo la kwako litakesha. Mimi nina la haraka: tathmini ya mwaka mnahesabu tangu kuandikishwa au tangu kuhamia?

Kipanga:
Kuandikishwa kwa mkuu wa kaya. Ifanyike ndani ya siku 30 kabla au baada ya tarehe hiyo kila mwaka. Hata mtoto aliyejiunga katikati anafuata tarehe ya mkuu wa kaya, si yake.

Mzee_Kobe:
Asante. Leo ndiyo sentensi yako ya kwanza yenye faida.