Gripi ya betri: kamera inazima nikiigeuza wima

Shata_Kasi: Wakuu, naombeni msaada. Nina DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi) yenye gripi ya betri mbili, yaani kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya kamera, aina ile ya shina linaloingia kwenye chumba cha betri. Nikishika mlalo inapiga bila shida. Nikishika wima kwa gripi inazima kama sekunde moja, halafu inawaka yenyewe. Betri zote zimejaa. Tatizo ni gripi au betri? Na je, gripi huongeza idadi ya picha kwa sekunde?

FundiLenzi: Anza na gurudumu la kukazia. Gripi nzima inashikiliwa na skrubu moja tu, ile inayoingia kwenye tundu la tripodi. Ukishika wima, uzito wa kamera na lenzi huielemea upande mmoja, pini za shina zinaachana na za kamera kidogo sana, umeme unakatika.

Zima kamera, toa trei ya betri, legeza gurudumu, ondoa gripi yote. Futa pini za pande zote mbili kwa pamba yenye spiriti kidogo, ziache zikauke. Rudisha shina, kisha isukume gripi kwa kiganja hadi usione mwanga kati yake na kitako cha kamera, ndipo ukaze huku BADO unasukuma. Wengi huliachia gurudumu kazi ya kuivuta gripi. Likishakuwa gumu wanadhani limekaza, kumbe uwazi umebaki. Vidole vinatosha. Koleo hapana, utaharibu uzi wa tundu la tripodi. Likague kila baada ya matembezi marefu, maana mtikisiko hulilegeza.

Kivuli77: Naongezea: usiiamini betri kwa sababu tu chaja imeonyesha kijani. Gripi nyingi za namna hiyo hufanya kazi hata na betri moja, kwa hiyo pima. Ziite betri zako A na B. Weka A peke yake, geuza wima, piga. Kisha B. Kisha zibadilishane nafasi. Ikizima kwa betri ile ile popote ulipoiweka, betri imechoka. Ikizima kwenye nafasi ile ile kwa betri yoyote, kagua vibati vya trei. Ikizima kote, rudi kwa maelezo ya FundiLenzi.

Nuru_ya_Jioni: Kuhusu kasi, kwa kamera nyingi haiongezeki hata kidogo. Nikon D700 ni mojawapo ya zinazoongezeka: kutoka picha 5 hadi 8 kwa sekunde ikiwa na gripi yake ya MB-D10, lakini ndani ya gripi iwemo betri aina ya EN-EL4a au betri 8 za AA. Ukiweka EN-EL3e, betri ya kawaida ya kamera hiyo, unabaki na 5.

Kwa AA chukua NiMH za kuchaji, kisha chagua aina hiyo kwenye menyu (HR6), la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya. Za alkali volti zake hushuka haraka zikivutwa umeme mwingi, baridi ikizidi ndiyo kabisa, na zikisahaulika ndani huvuja.

Shata_Kasi: Asanteni sana. Uwazi upo kweli, upande wa mkono wa kulia. Na kile kifuniko cha betri nilichokitoa, nakiweka wapi?

FundiLenzi: Angalia ubavuni mwa shina, gripi nyingi zina nafasi yake pale, kibanize humo. Usikipoteze: kamera nyingi zina kiswichi kinachobonyezwa na kifuniko hicho, hivyo siku ukiondoa gripi haitawaka bila hicho.