Mlio kwenye redio ya gari masafa ya AM injini inapowaka

Dereva wa Rongai: Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri. Gari langu la petroli lililetwa nchini likiwa limetumika Japani. Injini ikiwa imezimwa, AM husikika vizuri, lakini ikishawaka huanza mlio mwembamba unaopanda kila ninapokanyaga mafuta, pamoja na mikwaruzo ya tik-tik. FM haina tatizo lolote. Fundi amenishauri ninunue redio nyingine. Je, kuna haja?

Fundi Umeme: Usinunue. Redio ya AM husoma nguvu ya wimbi inavyopanda na kushuka, na kila cheche ya umeme huingia humo humo kama sauti. FM husoma mabadiliko ya masafa, ndiyo maana haisumbuliwi sana. Mlio unaofuata kasi ya injini kwa kawaida hutoka kwenye alternata (jenereta inayochaji betri), na tik-tik kwenye plagi zinazotoa cheche za kuwasha mafuta. Chomoa eriali nyuma ya redio huku injini inanguruma. Kelele ikitoweka, inaingilia kwenye eriali, nawe anza na kitako chake, kwa maana kutu ikishakaa kati yake na bodi, ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) hukatika. Tazama plagi pia: zile za NGK zenye herufi R katika namba, mfano BPR6ES, zina kizuizi ndani kinachopunguza kelele hiyo, ila wapo wanaofunga plagi yoyote mradi imeingia.

Mama Mbili: Msisahau kile kiboksi cha kuongeza masafa. Redio nyingi za Japani hushika FM ya MHz 76 hadi 90 pekee, kwa hiyo huku kwetu hufungiwa kiboksi kwenye waya wa eriali, na AM nayo hulazimika kupitia humo. Chaja ya simu huleta kelele vilevile, lakini hiyo haipandi na injini.

Dereva wa Rongai: Ahsanteni. Nimechomoa eriali, kelele yote imekwisha. Kitako kina kutu, na kiboksi nimekikuta nyuma ya dashibodi, waya wake wa ethi umezungushiwa utepe bila kufungwa popote.

Fundi Umeme: Basi kwaruza kutu hadi chuma king'ae, ufunge ethi ya kiboksi kwenye bolti iliyoshika bodi, kisha ujaribu tena. Tik-tik ikibaki, fungua plagi. Mlio ukibaki, ipimwe alternata kabla hujalipia kichujio chochote cha kelele.