Mmenilipisha 15,000 ya "jioni ya jazz" kando ya ziwa, halafu mkaizima albamu pale pale ilipoanza kuongea Kiswahili!

Wakuu, mwadila. Nimekaa na hili jambo siku tatu nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Ijumaa iliyopita kiota kimoja huku Capri Point, Mwanza (jina naliacha, wahusika wanajijua) kilitangaza jioni ya wapenzi wa jazz. Tangazo ninalo kwenye simu mpaka leo: kila mtu aje na albamu anayoisikiliza kwa sasa, ipigwe, aeleze imemkamatia wapi. Mimi kwa jambo kama hilo natoka Igoma hata kwa miguu. Nikapanda boda, nikalipa, nikapewa soda ya moto na kiti kilichoipa spika mgongo.

Dada mmoja akafungua na Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Safi kabisa. DJ akaweka So What, besi ya Paul Chambers ndiyo kwanza inaongea na wenzake wanaitikia, akaruka wimbo wa pili. Dakika moja, akaruka tena. Eti "tunaonja tu, watu ni wengi". Watu wenyewe tulikuwa kumi na nne, nilihesabu! Albamu ile ilirekodiwa kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, 1959. Siku ile ya Machi mashine ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa hiyo santuri ikipigwa kwa kasi ya kawaida, kwa zaidi ya miaka 30 dunia nzima ilisikia upande wa kwanza, uliotoka siku hiyo, ukiwa umepanda sauti kiduchu, mpaka ikarekebishwa miaka ya 1990. Kuna watu walikosa usingizi kwa tofauti ambayo sikio la kawaida wala halishtuki. Sisi tunakata wimbo mzima ili sahani za sato zipite.

Akafuata jamaa na video ya YouTube, saksafoni za mapenzi zenye urefu wa saa tatu mfululizo, na matangazo ya mikopo yanakatiza katikati. Hiyo ndiyo albamu yake. Na hiyo ikaachwa nusu saa nzima! Watu walikuwa wanakula.

Kulikuwa na mzee wa Kirumba, yeye kaja na Morogoro Jazz. Vijana wakacheka, mmoja akamwambia, "Mzee, shikamoo, ila hiyo ni dansi." Ni dansi, nani asiyejua? Bendi zetu zilijiita Jazz tangu enzi za Dar es Salaam Jazz, na Western Jazz, na Tabora Jazz, na hazikupiga jazz ya Wamarekani kama Coltrane. Lakini yule mzee alieleza gitaa la Mbaraka Mwinshehe linavyosubiri tarumbeta zimalize ndipo liingie, akaonyesha na vidole hewani. Usiku ule hakuna mwingine aliyeonyesha kuwa albamu yake ameisikiliza kweli.

Ikafika zamu yangu. Nimekuja na Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano wa Marekani, nimeihamisha mwenyewe kutoka kwenye CD. Sasa nisikilizeni vizuri. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru na sisi Tanganyika bado tunahesabu miezi. Mipango ya muziki ni ya Melba Liston, ndani kuna Max Roach, Yusef Lateef, Olatunji kwenye ngoma. Maneno ni ya mshairi Langston Hughes. Weston alitaka lugha ya Kiafrika, akaambiwa chukua Kiswahili, na anayekighani ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku.

Ngoma zikaanza. Sauti ya Sanga ikaingia, Kiswahili kilichonyooka, upepo wa ziwa unapuliza, mwili unanisisimka. MC akashika kipaza sauti: "Jamani, hatujaja kusikiliza taarifa ya habari." Kicheko. DJ akazima, akaweka amapiano.

Makaburu walijua wanachokizima. Huyu wetu hata hakujua.

Nikaenda kudai hela yangu. Meneja ananijibu, "Kaka, si soda umekunywa?" Ile soda ya moto!

Na msiniambie jazz si ya kwetu. Mwaka 1971 mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock alitoa albamu inaitwa Mwandishi, na bendi yake nzima ilibeba majina ya Kiswahili: Eddie Henderson ni Mganga, Buster Williams ni Mchezaji, Billy Hart ni Jabali. Jabali, wakuu! Sisi tunaoishi juu ya majabali Mwanza hii tunashindwa kuvumilia dakika tano.

Natoka nje, yule mzee yuko kwenye ngazi anasubiri boda. Akaniuliza, "Mwanangu, yule aliyekuwa anasema ni nani? Hebu niwekee tena." Tukasimama pale pale, simu iko katikati yetu, tukaisikiliza sehemu ya kwanza mpaka mwisho. Boda wake akapiga honi mara mbili, mzee akamwonyesha mkono asubiri.

Basi Jumapili saa kumi jioni tupo kwake, Kirumba, uani. Albamu moja tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kiingilio hakuna, chai ipo. Mwenye spika ya kuizidi hii yangu ya Kichina anifuate inbox, na wewe MC kama unapita humu, 15,000 yangu bado naidai.