Yule wa fotokopi Darajani kanisukumia flashi yangu kwa ncha ya kalamu, mbele ya watu!!

Binti_Wete

Assalaam alaykum. Natoka pale sasa hivi. Nimekaa kwenye baraza ya watu Mkunazini, mikono inanitetemeka, na nikingoja mpaka nifike nyumbani ntapasuka.

Yule jamaa wa fotokopi wa Darajani. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Yule mwenye feni moja na kaielekeza kwake peke yake. Leo ilikuwa zamu yangu.

Kaka yangu yuko London. Baba yetu keshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo kaka ndiye walii wa mdogo wetu, na nikaha ni Ijumaa hii baada ya Alasiri. Kaandika barua ya uwakala, ami yetu amuozeshe kwa niaba yake, kaitia saini, kanitumia kwa baruapepe. Sheikh anaitaka karatasi mkononi. Kurasa mbili tu! Sikumwambia anihamishie msikiti.

Faili lenyewe mwisho wa jina limeandikwa `.pages`. Simu yangu haikulifungua. Kompyuta ya kazini ikaniuliza nataka kulifungua kwa programu gani, kama kwamba mie ndiye niliyelitengeneza. Nikalitia kwenye flashi nikaenda kwa mtaalamu.

Mtaalamu! Kalibonyeza mara mbili, halikufunguka. Kafuta `.pages` kaandika `.docx`. Word ikasema faili limeharibika. Kafuta tena kaandika `.pdf`. Likakataa. Basi akawageukia watu waliopanga foleni, na wallahi mie niliwaona kama wamejaa uwanja wa Amaan, akasema kwa sauti ya muadhini: "Kaka yake kamtumia virusi!"

Halafu sikilizeni. Flashi kaichomoa, kaiweka juu ya kioo cha meza, akachukua kalamu ya bluu iliyotafunwa kitako, AKANISUKUMIA KWA NCHA. Kidogo kidogo. Kama mtu anayesukuma kombamwiko aliyekufa. Pale kioo kilipopasuka ikakwama. Akaisukuma tena.

"Elfu mbili ya kuangalia." Nikamwambia hukufanya kitu. "Bibi wee, rudi kwenu kwenye mikarafuu, kompyuta tuachie."

Watu wakacheka. Nikalipa ili nitoke tu. Lakini mule ndani mna saini ya kaka yangu na jina la marehemu baba yangu, na mtu anaisukuma kwa kalamu. Mkono anao! Mikono miwili, mizima! Kwa kalamu!

Asije mtu hapa kunambia nisamehe.

Kahawa_Chungu

Pole bibie, lakini nimecheka mpaka chai imenitokea puani. Kombamwiko!

UrojoMoto

Elfu mbili tu? Shukuru. Mimi kanitoza elfu tano kwa picha za pasipoti na uso umetoka kijani. Nilipomwambia, kanijibu ndivyo nilivyo.

Mwana_wa_Ngambo

Sasa wewe kilichokuuma ni faili au kalamu? Maana faili umelitaja mara moja, kalamu tumeisoma mpaka tunaijua rangi yake.

Binti_Wete

Kalamu! Faili ningelitafutia njia. Wewe ushawahi kusukumiwa kitu chako hivyo? Alikuwa anaiangalia ile flashi kama inanuka.

Fundi_Mlandege

Dada, faili lako zima kabisa. `.pages` ni la Pages, programu ya kuandikia ya Apple. Kaka yako ana Mac au iPhone, na Windows haina programu ya kulifungua, basi. Hapana virusi hapo.

Alichofanya yule ni kubadilisha kibao cha mlangoni. Ukibandika kibao cha "Duka la Nyama" kwenye duka la vitambaa, ndani mtakuwa na vitambaa vile vile. Word imeingia kutafuta nyama haikuiona, ikasema limeharibika.

Ila faili la Pages kwa ndani ni furushi la zip, yaani mafaili mengi yaliyofungwa pamoja yakawa moja. Lifungue kwa Notepad, ile programu ya maandishi matupu ya Windows: utaona alama zisizosomeka, lakini herufi mbili za mwanzo kabisa ni PK. Hizo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyeutoa mtindo wa zip mwaka 1989. Hata `.docx` ukiifungua hivyo utaikuta PK. PDF yenyewe huanza na %PDF. Jina linaweza kusema uongo, herufi za mwanzo ni nadra.

Fanya hivi. Toa nakala kwanza, la asili usiliguse. Kwenye Windows washa ile alama ya kuonyesha mikia ya majina ya mafaili, kwa sababu kwa kawaida imefichwa, na utadhani umeandika barua.zip kumbe lipo barua.zip.pages. Kisha mkia wa nakala ufanye `.zip`, lifungue. Utakuta picha inaitwa preview.jpg. Hiyo ndiyo barua yako.

Kahawa_Chungu

Fundi umefungua darasa kwenye msiba wa mwenzio.

Mwana_wa_Ngambo

Ngoja, kwa hivyo yule wa Darajani angeandika `.zip` badala ya `.pdf` lingefunguka? Herufi tatu tu zimemshinda, akachukua elfu mbili?

Binti_Wete

Fundi, Mungu akuweke. Nimelifungua! Folda tatu za mambo nisiyoyajua, na picha imo, nimeona bismillahi na jina la baba. Lakini ni ukurasa wa kwanza peke yake. Saini iko wa pili!! Na huyu mtu pengine kesho anakaa anamsukumia mwengine flashi yake vile vile.

Fundi_Mlandege

Kweli, picha ile ni ya ukurasa wa kwanza tu. Mafaili ya Pages ya zamani yalikuwa na PDF nzima ndani, ya siku hizi hayana. Una njia mbili. Fungua akaunti ya bure ya Apple, ingia iCloud, huduma ya Apple ya mtandaoni, kwa kivinjari, pandisha faili kwenye Pages ya humo, kisha lishushe kama PDF. Au mpigie kaka yako: alifungue faili, achague kulihamisha liwe PDF, akutumie upya. Ni dakika moja, hata kwa simu yake anaweza.

Binti_Wete

Nimempigia. Kanituma PDF kabla sijakata simu. Kurasa mbili, saini imo. Kaniuliza mbona nalia. Nimwambie nini? Kwamba barua yake imesukumwa kwa kalamu?

Mpemba_Halisi

Mie kilichonikera ni hayo ya mikarafuu. Hizo karafuu ndizo zilizokuwa zikiilisha serikali miaka na miaka, na hata hiyo fotokopi yake hajui imenunuliwa kwa jasho la nani. Kila siku Mpemba, Mpemba. Nusu ya maduka Darajani ni ya nani?

UrojoMoto

Haya, imeanza.

Shangazi_Jangombe

Fundi, wacha hao. Mwanangu kanitumia picha za mjukuu kutoka kwenye iPhone, zote zimeandikwa `.heic`, kompyuta yangu inanionyesha viboksi vitupu. Mtoto keshaota meno sijamuona.

Fundi_Mlandege

Bi mkubwa, huo ni mtindo wa picha wa iPhone tangu iOS 11, mfumo wa iPhone wa mwaka 2017, unapunguza ukubwa wa faili. Mwambie mwanao kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya mitindo, achague ule unaokubalika kwingi. Picha atakazopiga kuanzia hapo zitatoka JPEG. Zilizokwisha kupigwa azigeuze au akutumie upya kwa WhatsApp, zitafika zikiwa JPEG.

Kahawa_Chungu

Nyinyi mnalilia mafaili yasiyofunguka. Mpiga picha wa harusi yangu, mnamjua, yule wa miwani ya jua usiku, kanipa flashi tangu mfunguo mosi. Inafunguka vizuri. Mna harusi ya watu wengine!

Shangazi_Jangombe

Afadhali hao unawaona. Mie viboksi.

UrojoMoto

Huyo wa miwani alikuja kwa dada yangu, saa nzima kapiga picha sahani za biriani. Bibi harusi ana picha mbili, moja kafumba macho.

Binti_Wete

Jamani, mie nauliza. Nirudi pale nikadai elfu mbili yangu au nisirudi?

Mpemba_Halisi

Rudi. Na ukipewa usiipokee kwa mkono.

Mwana_wa_Ngambo

Hivi sahani za biriani zilitoka nzuri lakini?

UrojoMoto

Zilitoka nzuri kuliko bwana harusi.

Mpemba_Halisi

Mwenye kujua boti ya Jumamosi ya kwenda Mkoani inaondoka saa ngapi anijibu. Nina magunia mawili ya vitunguu na wiki ilopita yule wa mizigo, mnamjua, kanambia gunia langu lina sura mbaya.