Wakuu, nikizima Tomcat ya mafunzo inazimika ya laivu. Nimekosea wapi?

Chipukizi_IT

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, nina siku tatu tu mkononi.

Kazini tuna mfumo wa stoo unaotembea juu ya Tomcat 9 (programu ya kuendesha mifumo ya wavuti ya Java), seva moja ya Ubuntu, RAM GB 8. Bosi anataka Jumatatu wafanyakazi wapya wafundishwe bila kugusa data halisi. Seva ya pili hakuna, na hela ya kuinunua ndiyo kabisa. Nikaona njia rahisi ni kukopi folda nzima:

`cp -r /opt/tomcat /opt/tomcat-mafunzo`

Nikafungua conf/server.xml ya hiyo mpya, porti ya brauza 8080 nikaifanya 8081, ya kuzimia 8005 nikaifanya 8006. Nikawasha kwa `/opt/tomcat-mafunzo/bin/startup.sh`, ikajibu "Tomcat started." Kwenda kwenye brauza, 8081 hamna kitu. Logi (nimeipata kwenye /opt/tomcat/logs, maana ile ya mafunzo haijaandika hata mstari mmoja) inasema:

```
Failed to initialize component [Connector[HTTP/1.1-8080]]
java.net.BindException: Address already in use
```

Nikasema ngoja niizime nianze upya. Nikaendesha shutdown.sh ya kwenye folda ya mafunzo. Hazikupita dakika mbili simu ya stoo ikaita: "Kijana, mfumo umekata." Nilikuwa nimezima ya laivu! Nikarudia tena kesho yake kuhakikisha, simu ikaita tena. Msinicheke. server.xml nimeikagua mpaka macho yanauma, iko sawa.

Mzee wa Logi

Kijana, jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Umeweka 8081, logi inalalamikia 8080. Tena logi yenyewe imeandikwa kwenye folda ya zamani. Sasa hiyo uliyoiwasha ni ipi?

Endesha startup.sh tena, safari hii usikimbilie brauza. Soma mistari ya juu inayoanza na "Using", ibandike hapa. Halafu nipe na `echo $CATALINA_HOME`, ndiyo inayoiambia Tomcat nyumba yake iko wapi.

Chipukizi_IT

Hii hapa mzee:

```
Using CATALINA_BASE:   /opt/tomcat
Using CATALINA_HOME:   /opt/tomcat
```

Na echo inatoa /opt/tomcat. Aisee. Lakini mimi nimeita skripti ya folda nyingine kabisa!

Mzee wa Logi

Skripti uliyoita ni ya mafunzo, ndiyo. Ila kuna mtu, labda aliyekutangulia kazini, ameandika `export CATALINA_HOME=/opt/tomcat` kwenye /etc/profile au .bashrc, mafaili yanayosomwa ukiingia kwenye seva. Skripti ya Tomcat hujitafutia nyumba yake ikiwa tu hiyo CATALINA_HOME iko tupu. Ikiikuta imejazwa, inaitii. Kwa hiyo kila ulichobadilisha kwenye folda ya mafunzo hakikusomwa kabisa.

Kuzima ni hadithi ileile. shutdown.sh haitafuti mchakato ikaukata shingo. Inasoma server.xml, inaona porti ya kuzimia, inapiga hodi hapo na kutamka neno SHUTDOWN. Anayeitika ndiye anayezima. Umesoma server.xml ya laivu, ukapiga hodi 8005, akaitika wa laivu.

Kaka_Kontena

Mwaka huu bado mnakopi folda? Tumia Docker, kila kitu kinakaa kwenye boksi lake, mchezo umeisha.

Mzee wa Logi

Docker ni nzuri, sibishi. Ila mtu mwenye siku tatu na seva moja yenye mfumo wa laivu ndani yake simshauri ajifunzie hapo. Afanye baada ya Jumatatu.

Chipukizi, futa hiyo kopi. Tomcat imetengenezwa ikiwa na sehemu mbili. CATALINA_HOME ndiyo programu yenyewe, inatumiwa na wote. CATALINA_BASE ni ya kila instansi, yaani kila Tomcat inayowashwa peke yake: conf, logs, temp, webapps, work. Skripti ya kukutengenezea hiyo ya pili unayo tayari kwenye bin:

`/opt/tomcat/bin/makebase.sh /srv/tomcat/mafunzo`

Sekunde moja imemaliza. Itakuonya kwamba porti zinaweza kugongana, na kweli zitagongana, maana conf inakopiwa kama ilivyo. Badilisha 8005 na 8080 kwenye conf/server.xml ya mafunzo. Kama toleo lako ni la kabla ya 9.0.31, angalia na 8009 ya AJP, porti ambayo seva nyingine ya wavuti huitumia kuongea na Tomcat. Hiyo ilikuja kuzimwa mwaka 2020 baada ya lile tundu la usalama la Ghostcat, kabla ya hapo ilikuwa inawaka yenyewe. Kabla ya kuwasha piga `ss -ltnp` uone porti zilizokwishachukuliwa.

Kisha usiwashe kwa kukariri. Andika kiskripti, kiite mafunzo.sh:

```
#!/bin/sh
export CATALINA_HOME=/opt/tomcat
export CATALINA_BASE=/srv/tomcat/mafunzo
exec $CATALINA_HOME/bin/catalina.sh "$@"
```

Hapo `./mafunzo.sh start` na `./mafunzo.sh stop` haviwezi kupotea njia, hata /etc/profile iseme nini. Usije ukaziweka hizo mbili ndani ya setenv.sh (faili la mipangilio ambalo catalina.sh hulisoma), maana zenyewe ndizo zinazotumika kuitafuta setenv.sh.

Fundi Manyanga

Naongezea la RAM, lilishanitia aibu. Instansi isipokuwa na bin/setenv.sh yake, Tomcat inachukua ile ya kwenye CATALINA_HOME. Kama laivu umeiandikia -Xmx4g (kikomo cha memori ya Java), na mafunzo nayo itajiona ina GB 4. Kwenye seva ya GB 8 hapo databesi inabaki inapumulia mashine. Weka ya kwake:

`CATALINA_OPTS="-Xms256m -Xmx1g"`

Andika CATALINA_OPTS, siyo JAVA_OPTS. JAVA_OPTS inatumika hata wakati wa kuzima, kwa hiyo ukiweka memori kubwa humo unaiomba tena ili tu upige hodi na kuondoka.

Takwimu_Afya

Sisi tunaosimika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, ndiyo mtindo wetu huu miaka yote. Waliosakinisha Tomcat 9 kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, wana njia fupi zaidi, kifurushi cha tomcat9-user:

`tomcat9-instance-create -p 8081 -c 8006 /home/mafunzo/tomcat`

-p ni porti ya brauza, -c ya kuzimia. Ila mleta mada naona yako umeifungua mwenyewe kwenye /opt, kaa na makebase.

BiMkubwa_Linux

Mwanangu, mmeongea porti na RAM, mimi nauliza moja. Hiyo ya mafunzo inasoma databesi ipi? Mzee amesema conf inakopiwa kama ilivyo. Fungua conf/context.xml, humo ndimo anwani ya databesi huandikwa, uniambie.

Chipukizi_IT

Wakuu, imewaka! 8081 inafunguka, nimezima na kuwasha mara tano, laivu haijatikisika. Mzee wa Logi Mungu akubariki.

BiMkubwa, nimeona ujumbe wako nikiwa nimeshachelewa. Nilipoona imefunguka nikaingiza bidhaa ya kujaribia, "Sabuni ya majaribio", katoni 9999. Mtunza stoo kanipigia tena, anauliza mzigo wa sabuni umeingia lini na umepakuliwa mlango upi. context.xml ya mafunzo ilikuwa inasema jdbc:postgresql://localhost:5432/stoo. Ileile.

BiMkubwa_Linux

Pole. Ingekuwa umefuta badala ya kuingiza tungekuwa tunaongea mengine. Tengeneza databesi mpya yenye mtumiaji wake na nenosiri lake, na huyo mtumiaji asiwe na ruhusa yoyote kwenye ya stoo:

```
createuser -P mafunzo
createdb -O mafunzo stoo_mafunzo
```

Jaza data za kubuni, majina ya wateja wa kweli yasiwemo. Badilisha url, mtumiaji na nenosiri kwenye context.xml, washa upya. Halafu jaribu kuingia databesi ya stoo kwa mtumiaji mafunzo. PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu kila mtumiaji kuunganisha, kwa hiyo akipita, piga `REVOKE CONNECT ON DATABASE stoo FROM PUBLIC;` ukihakikisha kwanza mtumiaji wa laivu ndiye mwenye databesi, la sivyo mpe CONNECT yake.

Chipukizi_IT

Nimefanya yote, mafunzo sasa amekataliwa kabisa kwenye stoo. Limebaki moja la ajabu. Nikiwa nimeingia laivu kwenye tabu moja, nikaingia mafunzo kwenye tabu ya pili, nikirudi laivu nakuta nimetolewa. Kila mara.

Fundi Manyanga

Kuki hizo. Brauza haitenganishi kuki kwa porti, inaangalia jina la seva tu. Zote mbili zinatoa kuki ya JSESSIONID, inayokumbuka nani ameingia, na njia ni ileile, kwa hiyo ya pili inafuta ya kwanza. Kwenye conf/context.xml ya mafunzo andika `<Context sessionCookieName="MAFUNZOSID">`, washa upya.

Na ukipata nafasi, hamishia kwenye systemd, msimamizi wa huduma wa Ubuntu, kwa yuniti moja ya tomcat@.service, ndani yake `Environment=CATALINA_BASE=/srv/tomcat/%i` na `catalina.sh run`. Siku bosi akitaka ya tatu unaandaa folda, unapiga `systemctl start tomcat@jina`. systemd haisomi /etc/profile, kwa hiyo ule mzimu wa mwanzo hauingii humo. Weka na `SuccessExitStatus=143`, Java ikizimwa vizuri inarudisha namba hiyo na bila mstari huo systemd itadhani imeanguka.

Chipukizi_IT

Kuki imekubali, tabu mbili zinakaa kwa amani. Ile export nimeikuta kwenye /etc/profile, nimeiwekea alama ya reli (#) isisomwe kwanza, nitaifuta nikishajua nani mwingine anaitegemea. systemd baada ya Jumatatu.

Bado nina kesi ya katoni 9999. Nimezifuta kwenye mfumo, ila mtunza stoo alikuwa ameshachapa ripoti ya wiki na kuipeleka kwa bosi.