Anashinda akimwaga maharagwe. Nimhamishe?

BabaMmoja: Hamjambo wazee na akina mama. Niko Kisumu, naomba ushauri kabla ya Jumatatu. Binti yangu yuko chekechea moja ya Montessori, hawa wanaomwacha mtoto ajichagulie kazi. Hakuna kitabu, hakuna ubao. Jioni nikimuuliza amejifunza nini, ananijibu, "Nimemwaga maharagwe." Kutoka jagi hili hadi lile, asubuhi nzima! Mtoto wa jirani anaandika moja mpaka hamsini, wangu hata jina lake hajui kuliandika. Nimhamishe?

Nyar_Dunga: Ana miaka mingapi?

Boda_Kondele: Yakishamwagwa huwa yanapikwa? Kama ndiyo niandikisheni na mimi.

BabaMmoja: Anakaribia minne.

Nyar_Dunga: Anakaribia kutoka wapi?

BabaMmoja: Alitimiza mitatu juzijuzi.

Mwalimu_Mstaafu: Mitatu! PP1 yenyewe, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, ni ya miaka minne, na wewe unadai hamsini? Kumwaga maharagwe yasianguke ni kazi ya macho na vidole, na vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Tena msidhani haya ni mambo ya matajiri wa Milimani. Daktari Maria Montessori alianza Roma, Januari 1907, mtaa wa San Lorenzo, na watoto wa vibarua waliokuwa wakirandaranda wazazi wakiwa kazini. Wa mitatu na wa sita wanakaa chumba kimoja, mdogo anamwiga mkubwa. Kama boma la kwetu tu.

Bibi_wa_Ahero: Huyo daktari alichelewa. Mimi hesabu nilifunzwa na nyanya kwa ajua, ule mchezo wa mbegu kama bao. Alikuwa ananiibia mbegu mbili makusudi aone kama nitagundua. Nilipoingia shule mwalimu akanichapa kwa kuhesabia vidole. Mpaka leo sokoni hakuna wa kunipunja chenji.

Mlokole_Daima: Ati mtoto ajichagulie! Leo maharagwe, kesho atajichagulia mume. Samaki mkunje angali mbichi.

MamaWawili_Nakuru: Kifungua mimba wangu alianza hivyo, kisha nikampeleka shule ya kawaida. Wiki ya kwanza, katikati ya somo, akainuka akachukua ufagio akafagia darasa, kwa kuwa aliona takataka. Niliitwa shuleni. Sijui hadi leo kama niliitwa kusifiwa au kugombezwa.

Nyar_Dunga: BabaMmoja, kwani Jumatatu kuna nini?

BabaMmoja: Ndiyo anaanza shule mpya. Nimeshalipa elfu nne. Lakini ushauri bado nasikiliza. Mama yake yuko kwao Siaya, atajua akirudi. Na msinilaumu: huku kuna sare, kuna madaftari, mzazi unaona pesa imekwenda wapi. Kule kuna mnara wa pinki, vipande 10 vya mbao, kidogo kabisa sentimita 1 kila upande, kikubwa sentimita 10, na ukikosea milimita mbili tu unaambiwa urudie.

Boda_Kondele: Ngoja kwanza. Nani anaambiwa arudie?

Sidanganyiki: Uzi wa kutunga huu. Baba gani anajua mbao kwa milimita na umri wa mtoto wake anaukisia? Huyu ni mwenye shule anatafuta wateja. Msimamizi, funga.

BabaMmoja: Sina shule. Mimi ni seremala, karakana yangu iko karibu na Kibuye. Vifaa vyao natengeneza mimi, na kazi hiyo ndiyo karo ya binti, pesa silipi. Mwezi jana walinirudishia mnara mzima kwa sababu ya kipande kimoja, cha saba. Wanasema mtoto akipanga vibaya, mnara wenyewe ndio umwonyeshe, siyo mwalimu, kwa hivyo kipande chenye kasoro kinamdanganya. Miaka 15 nakata mbao, hakuna mwenye kitanda aliyewahi kunipimia milimita.

Nyar_Dunga: Kumbe mtoto anahamishwa kwa hasira za mbao.

BabaMmoja: Siyo hasira. Hata herufi zao ni za msasa, mtoto anapitisha kidole tu. Msasa najua bei yake.

Mwalimu_Mstaafu: Na kasoro ya hicho cha saba, nani aliigundua?

BabaMmoja: Binti yangu. Alikipanga, akakitoa, akakipanga tena, kisha akamwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba baba amekosea.

Boda_Kondele: 😂😂 Elfu nne hizo zote ni za kuficha aibu!

Mlokole_Daima: Mtoto kumsahihisha baba hadharani. Niliwaambia.

Sidanganyiki: Mimi bado sijaamini. Weka picha ya mnara.

BabaMmoja: *[picha]*

MamaWawili_Nakuru: Umelainishwa vizuri jamani. Seti moja mpaka Nakuru ni pesa ngapi?

BabaMmoja: Ya saiprasi tutaelewana, niandikie pembeni.

Nyar_Dunga: Na Jumatatu?

BabaMmoja: Ngoja nimalize cha saba.

Sidanganyiki: Kwenye picha naona vipande tisa.

BabaMmoja: Si nimesema ngoja.